Wavu wa samaki kwenye njia ya maji

Chupa niliyoikinga Jumapili ile ingali mezani kwangu. Ni chupa ya kawaida ya maji ya kunywa, ya nusu lita. Nilikuwa nimeinama chini ya tuta la bwawa, upande wa nje, penye mafunjo mabichi yaliyoota peke yake katikati ya nyasi kavu, na hapo palikuwa panatoka kijito chembamba kama kidole. Kwa macho maji yalikuwa safi. Niliyabeba nyumbani, nikayaweka dirishani, nikalala. Jumatatu asubuhi, chini ya chupa palikuwa pametulia utando wa udongo mwekundu, unene wake kama ukucha.

Udongo huo umetoka ndani ya tuta. Hakuna tuta la udongo lisilotoa jasho, na jasho peke yake si ugonjwa. Maji yakivuja maangavu, na yakibaki maangavu hata baada ya kulala chupani, tuta linapumua tu. Yakitoka na udongo, maana yake yameshajipatia njia humo ndani na yanaipanua usiku na mchana, punje kwa punje. Kitundu cha kidole kinakuwa cha mkono, cha mkono kinakuwa mlango, na mlango ukishafunguka hakuna mtu wa kuufunga.

Bwawa lenyewe ni la mtu binafsi, kwenye bonde moja nje kidogo ya Butembo, njia ya kuelekea Beni. Wengi wetu tunayaita mabwawa ya namna hii "etan". Mwenyewe simtaji, kwa kuwa sitaki hasira za watu zimwangukie mtu mmoja. Ana wenzake wengi. Siku hiyo nilikuta familia zimejaa: watoto wenye nguo za kanisani, tilapia wa kukaanga na ndizi, brosheti za mbuzi, mitumbwi miwili ya kupanda kwa zamu, na msafara wa harusi uliokuja kupiga picha juu ya tuta kwa sababu pale ndipo maji yanapong'aa nyuma ya bibi harusi. Muziki ulikuwa juu. Niliona baba mmoja, mtu mzima kabisa, ameketi ukingoni ametumbukiza miguu majini, anatabasamu peke yake kama mtoto.

Tabasamu lile nalitetea. Hapa kwetu mtu haulizwi kwa nini anatafuta mahali pa kukaa saa mbili bila hofu. Tangu Oktoba 2014 vijiji vya Beni vimezika watu waliouawa, bila kupumzika. Tarehe 1 Agosti 2018 ikatangazwa Ebola, ikakaa nasi hadi tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470, vifo 2,287, na miaka hiyo yote tuliogopa hata kushikana mikono na ndugu zetu. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa dharura wa kijeshi. Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925 na kusifiwa dunia nzima, iko jirani yetu, lakini ni watu wangapi wa Butembo wamewahi kupeleka watoto wao kuitembelea? Barabara ya Kasindi watu wanaisafiri moyo ukiwa mkononi. Mashamba ya upande wa Semuliki wenyewe wameyakimbia. Kwa hiyo anayechimba bwawa, akapanda nyasi, akaweka viti na kuwakaribisha watu Jumapili, amewafanyia jambo kubwa wakazi wa mji ambao hauna bustani hata moja ya maana. Siandiki ili mabwawa haya yafungwe. Naandika kwa sababu nataka yule baba arudi kukaa pale mwakani, na mwaka wa kufuata.

Tuanze na jinsi bwawa linavyozaliwa. Butembo iko kwenye mita zaidi ya 1,700, karibu kabisa na mstari wa ikweta, juu ya vilima visivyohesabika, na kati ya kilima na kilima pana kinamasi. Mtu mwenye kinamasi hulima mboga, huchoma matofali, au hufuga samaki. Ufugaji huu Wabelgiji waliusukuma sana. Walipoondoka, Kongo nzima ilikuwa na visima vya samaki zaidi ya laki moja. Lakini baridi ya milima yetu haimpendezi tilapia. Anakua polepole, chakula chake ni ghali, na mwenye bwawa akipiga hesabu baada ya miaka miwili anaona samaki hawamlipi. Wageni ndio wanaolipa. Hapo ndipo kisima cha samaki kinapoanza kugeuka ziwa. Wageni wanapenda maji mengi, kwa hiyo tuta linaongezwa: udongo wa juu juu unamwagwa kwa beleshi, unakanyagwa kwa miguu, unapandwa nyasi. Tuta la kwanza lilijengwa kubeba maji ya kiunoni, sasa linabebeshwa maji yanayompita mtu mrefu. Huo udongo mpya haukushindiliwa, haukushikana na ule wa zamani, na mpaka kati ya udongo huo wa namna mbili ndio njia ambayo maji yanaipenda kuliko zote.

Mzigo wenyewe ni mkubwa kiasi gani? Chukua bwawa la mita 60 kwa 40, kina cha wastani mita 2. Ni dogo, mtoto analizunguka kwa dakika mbili. Lina mita za ujazo 4,800, na kila mita ya ujazo ni tani nzima. Sisi ni mji wa wafanyabiashara na malori tunayajua: hizo ni Fuso 480 zenye tani kumi kumi, zimeegeshwa juu ya kilima bila breki, zimezuiliwa na udongo tu. Ungejenga jiko lako chini yake?

Sasa ongeza mvua. Tuseme vilima vinavyolimwagia bwawa hilo vina hekta 50, na mvua ya milimita 50 inashuka kwa saa moja, jambo tunaloliona hapa msimu ukichachamaa. Hata kama nusu itanywewa na ardhi, zinabaki mita za ujazo 12,500 zinazokuja bwawani, mara mbili na nusu ya maji yaliyokuwamo. Bomba la sentimita 20, ambalo wengi wameliweka kwenye tuta wakaona kazi imekwisha, kwa saa hiyo litapitisha kama mita za ujazo 230. Zilizobaki zitapita juu. Zege lingevumilia. Udongo hauvumilii; maji yakianza kupita juu ya tuta la udongo yanalikata kama kisu kinavyokata sabuni, kwa muda ambao mtu anahitaji kutafuta viatu na kuamsha watoto. Kwa hiyo kila bwawa la udongo linahitaji njia pana ya maji ya ziada, iliyochimbwa pembeni kwenye ardhi ngumu isiyo ya kujaziwa, chini ya kilele cha tuta kwa nusu mita angalau, na iwe wazi siku zote.

Iwe wazi. Neno hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Maana bwawa la Jumapili ile njia hiyo linayo, ya mawe, imejengwa vizuri. Lakini mdomoni mwake umefungwa wavu. Wavu wa waya wenye matundu madogo ya kuzuia vifaranga wa tilapia, na juu yake kipande cha chandarua kwa usalama zaidi. Niliposhika wavu ule kwa mkono ulikuwa umeshajaa: majani ya mikaratusi, mifuko ya plastiki, ndala ya mtoto, matete yaliyooza. Maji yaliyokuwa yanapita hayakufika kwenye kifundo cha mguu.

Kisa cha wavu huu ni cha zamani. Juu ya mji wa Johnstown, jimbo la Pennsylvania, Marekani, kulikuwa na bwawa la udongo la watu binafsi, tuta lake kama mita 22 kwenda juu. Wenyewe walikuwa matajiri wa Pittsburgh waliounda klabu yao, South Fork Fishing and Hunting Club. Andrew Carnegie na Henry Clay Frick walikuwa wanachama. Walilichukua tuta kuukuu, wakalikarabati ili wapate ziwa la kuvua samaki, kupanda mashua na kupumzika wakati wa joto. Mabomba ya kutolea maji chini ya tuta yalikuwa yameng'olewa na mmiliki wa kabla yao na kuuzwa kama chuma, hawakuyarudisha. Kilele cha tuta wakakishusha ili magari ya farasi yapishane juu yake. Na kwenye njia ya maji ya ziada wakaweka wavu wa chuma, samaki waliowanunua kwa fedha nyingi wasitoroke. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 1889 mvua ilinyesha bila kukatika. Magogo na takataka vikauziba wavu. Asubuhi watu walihangaika kuuzibua, wengine wakichimba njia nyingine pembeni, lakini wakati ulikuwa umeshawapita. Alasiri tuta likaondoka. Kwa takriban saa moja maji yalikuwa yameshashuka kilomita 23 na kuingia mjini. Walikufa watu 2,209. Mahakamani klabu haikulipa kitu.

Mtu ataniambia hilo ni la Wazungu na la zamani. Basi njoo Solai, kaunti ya Nakuru, Kenya. Jumatano tarehe 9 Mei 2018, usiku, bwawa la udongo lililojulikana kama Patel, ndani ya shamba kubwa la mtu binafsi, lilipasuka baada ya majuma ya mvua nzito. Chini yake kulikuwa na watu wa kawaida, vibarua na wakulima wadogo, wengi wakiwa majumbani mwao. Walikufa 48. Baadaye mamlaka zikasema bwawa halikuwa na kibali. Kauli hiyo imenikaa kooni tangu siku nilipoisikia, kwa sababu bwawa si sindano. Lilikuwa pale miaka mingi, na kibali kikaja kutafutwa siku ya mazishi.

Tena si lazima mtu awe amekusudia kujenga bwawa. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu, Kenya, makumi ya watu walizolewa na maji, na kwanza kila mtu akadhani bwawa la Kijabe limepasuka. Kumbe lilikuwa tuta la reli: kalavati chini yake liliziba, maji yakajikusanya nyuma yake mpaka tuta likashindwa. Tazama barabara zetu zinazokatiza vinamasi vya Butembo, zenye kalavati moja lililojaa mchanga na chupa za plastiki. Kila moja ni bwawa linalosubiri mvua yake. Na mvua hizo haziko mbali nasi: tarehe 4 Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, Kivu Kusini, mito ilizika watu zaidi ya 400 kwa jioni moja, bila bwawa lolote juu yao.

Nilimuuliza mwenye bwawa kuhusu wavu. Ni mzee mwenye heshima zake, alinipokea vizuri, akanipa kiti. "Papa," nilimwambia, "siku ya mvua kubwa maji haya yatapita wapi?" Akanijibu, "Mwanangu, nikitoa wavu samaki wangu wote watakwenda kwa jirani." Jibu lake si la mtu mbaya, ni la mtu aliyenunua vifaranga kwa dola zake. Lakini kuna namna ya kuwazuia samaki bila kuyazuia maji: uzio wa fito au nondo uliowekwa mbali ndani ya bwawa, umezunguka njia ya maji kwa nusu duara kubwa, ukilala kidogo ili takataka zipande juu badala ya kuganda, na wenye kimo cha chini kuliko tuta, ili siku ya gharika maji yaupite juu na samaki waende zao. Siku hiyo samaki lazima waende. Mwenye bwawa asiyekubali kupoteza samaki wake siku ya gharika ameshaamua, bila kujijua, nani atapotea badala yao.

Kulikuwa na jingine juu ya tuta: mikaratusi saba, mizuri, yenye kivuli. Watu wetu tunapenda mikaratusi, ni akiba yetu ya mbao na makaa. Kwenye tuta la maji ni hatari. Upepo ukiung'oa mti unaondoka na bonge la tuta. Ukiukata, mizizi inaoza na kila mzizi uliooza ni bomba. Tuta linataka nyasi fupi, pasipalumu inatosha, zikatwe mara kwa mara ili mashimo ya kaa na fuko yaonekane.

Sheria hatukosi. Kitabu cha tatu cha sheria zetu za kiraia, cha tarehe 30 Julai 1888, katika kifungu cha 260, kinamfanya mtu awajibike kwa madhara yanayoletwa na vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Bwawa ni kitu chini ya ulinzi wa mwenyewe. Uingereza nayo ilifika hukohuko kwa njia ya bwawa dogo kabisa: mwenye kiwanda mmoja wa Lancashire alijenga hifadhi ya maji, mwaka 1860 ikapasuka na kufurika ndani ya mgodi wa jirani, na mwaka 1868, katika kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher, mahakama ya juu ikaamua kwamba anayekusanya kwenye ardhi yake kitu kinachoweza kudhuru kikitoroka, hatari ni yake. Tangu tarehe 31 Desemba 2015 tuna pia sheria ya maji, namba 15/026, inayoyaweka maji katika mali ya umma na kudai matumizi yake yafuate taratibu za serikali. Lakini sheria zinazodai fidia zinaanza kazi maiti wakiwa wameshazikwa. Ninachokitaka mimi ni cha mapema na cha bei nafuu. Wanaokuja kudai ushuru wa baa, wa muziki na wa bango, wafike pia mpaka kwenye tuta. Wamwombe mwenyewe awaonyeshe njia ya maji. Wainame kama nilivyoinama, wajaze chupa. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kiko hapahapa Butembo. Vijana wanaosoma kilimo wanaweza kuyazunguka mabonde haya na futi kamba kwa msimu mmoja na kutuachia daftari: bwawa liko wapi, tuta lina kimo gani, nani anaishi chini yake. Na salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi ya Jumamosi, inayofagia barabara kuu ili viongozi waione, izibue pia makalavati ambayo hakuna anayeyaona.

Nirudi kwa watoto wa nguo za kanisani, maana bwawa linaua pia likiwa limetulia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, robo yao watoto walio chini ya miaka mitano. Sisi ni watu wa milima. Tumefundishwa kulima na kufanya biashara, kuogelea hatukufundishwa. Na kingo za mabwawa yetu ni udongo wa mfinyanzi uliokatwa wima: mtoto akiteleza anaparamia, anateleza tena, na hapigi kelele kwa sababu mdomo umo majini. Inatosha mama ageuke kulipia soda. Pale nilipokuwa, mitumbwi miwili haikuwa na jaketi la kuokolea hata moja, na waliokuwa wanapiga kasia walikuwa wameshakunywa. Dawa yake haihitaji mfadhili. Bido tupu la lita 20, limefungwa kizibo barabara, limefungiwa kamba ya mita 15, likining'inizwa kwenye mti kila baada ya hatua thelathini, linamwelesha mtu mzima. Sehemu ya watoto ichongwe iwe na mteremko wa polepole na kuzungushiwa uzio. Na kijana mmoja alipwe kutazama maji, si simu.

Kabla ya kuondoka nilishuka bondeni kufuata maji. Mita mia mbili hivi chini ya tuta, baada ya tanuri mbili za matofali, kuna nyumba tisa za miti na udongo. Ardhi ya bondeni kodi yake ni ndogo, kwa hiyo wanaoishi pale ni waliofika mjini na mzigo wa kichwani tu. Nilimkuta mama mmoja anapura maharage. Alikimbia kijiji upande wa Beni, akiwa na wajukuu wanne. Nikamuuliza kama anajua huko juu kuna bwawa kubwa. "Muziki wake nausikia," aliniambia. Hakuna mtu aliyewahi kushuka kumwambia lolote zaidi.

Nilipanda tena nikamsimulia yule mzee. Alinyamaza kitambo. Hakuutoa wavu siku ile, na sijui kama ameutoa. Lakini alimwita mlinzi wa usiku, tukashuka watatu mpaka kwa yule mama, na mlinzi akaokota kipande cha mkaa jikoni akaandika namba yake ya simu juu ya mlango, kubwa, ili wajukuu waione. Kisha akachukua simu ya mama, akaandika namba ya mama kwenye kiganja chake, na akamwahidi kwamba usiku wa mvua atampigia hata kama ni saa nane.

Mama akamwuliza, "Na hawa majirani zangu wasio na simu?"

Mlinzi akazitazama zile nyumba nane, akazihesabu kwa kidole, akaomba aonyeshwe njia ya kupitia gizani.